Malkia wa Theluji (1957): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu huifikia filamu hii kwa njia mbalimbali. Wapo waliosoma kwamba ndiyo iliyomfanya Hayao Miyazaki, mwongozaji mashuhuri wa katuni wa Japani, asiache kazi ya katuni. Wapo wenye watoto wanaoipenda Frozen, katuni ya Disney, na wanataka kujua ilikochimbukia. Wapo pia walioona picha moja tu ya mwanamke mrefu mwenye taji la barafu na hawajaisahau tangu siku hiyo. Haya ndiyo maswali yanayojirudia zaidi. Ukipenda kuitazama bila kujua mwisho wake, itazame kwanza, maana kisa chote kimesimuliwa hapa.

Hii ni filamu gani hasa?

Kwa Kirusi inaitwa Snezhnaya koroleva. Ni katuni ndefu iliyochorwa kwa mkono katika studio ya Soyuzmultfilm mjini Moscow, ikatolewa mwaka 1957, enzi za Umoja wa Kisovieti. Mwongozaji wake ni Lev Atamanov, na urefu wake ni saa moja na dakika chache. Imetokana na ngano ya Hans Christian Andersen wa Denmark.

Zipo filamu nyingine zenye jina hilohilo. Studio ya Lenfilm ilitengeneza moja ya waigizaji katika miaka ya 1960, na tangu mwaka 2012 Urusi imetoa mfululizo wa katuni za kompyuta. Hizo ni kazi tofauti kabisa. Unapoitafuta, angalia mwaka 1957 na jina la Atamanov.

Kisa chake kinakwendaje?

Kay, mvulana, na Gerda, msichana, ni watoto majirani wanaopendana kama ndugu wa tumbo moja. Jioni moja ya baridi kali, bibi anawasimulia habari za Malkia wa Theluji. Kay, kwa ushujaa wa kitoto, anasema malkia huyo akithubutu kuja atamweka juu ya jiko la moto ayeyuke. Huko mbali kwenye kasri lake la barafu, Malkia anawaona na kuwasikia kupitia kioo chake cha uchawi. Anakasirika, anakivunja kile kioo na kuamuru vipande vyake viruke vikawachome waliomdhihaki. Upepo unafungua dirisha kwa kishindo. Kipande kimoja kinamwingia Kay jichoni na kingine moyoni.

Kuanzia hapo mtoto anabadilika. Anakuwa mkali, anamdhihaki bibi, anayachukia hata mawaridi waliyoyatunza pamoja na Gerda. Kisha Malkia mwenyewe anafika mjini na kumchukua kwenye kigari chake kinachoteleza juu ya theluji. Majira ya kuchipua yanapoingia na Kay hajarudi, Gerda anatoka kwenda kumtafuta.

Sehemu kubwa ya filamu ni safari hiyo. Gerda anautupia mto viatu vyake vyekundu ili umwambie Kay yuko wapi. Anachukuliwa na mashua hadi kwenye bustani ya bibi mchawi ambaye hataki aondoke. Kunguru wanampeleka kwenye kasri la mwanamfalme na binti mfalme. Anapewa gari la dhahabu, na gari hilo linavamiwa na wanyang'anyi msituni. Binti wa kiongozi wa wanyang'anyi anamkamata, kisha anamwachilia na kumpa kulungu wa kaskazini wa kumbeba, mnyama wa nchi za baridi mwenye mapembe makubwa yenye matawi. Wanapita kwa mwanamke wa Lapland, eneo la kaskazini kabisa ya Ulaya, kisha kwa mwanamke wa Finland, na mwisho Gerda anaingia peke yake kwenye kasri la barafu na kumkuta Kay amekaa kama sanamu. Anamkumbatia na kulia. Machozi yanauyeyusha moyo wa Kay, naye Kay analia hadi kipande cha kioo kinamtoka jichoni.

Ngano yenyewe iliandikwa lini?

Andersen alizaliwa Odense mwaka 1805 na alifariki mwaka 1875. Malkia wa Theluji aliitoa Desemba 1844, akaigawa katika hadithi saba zinazofuatana. Ni miongoni mwa ngano zake ndefu kuliko nyingine zote, na ndiyo maana inajaza filamu nzima bila kuongezewa vipande vya kupoteza muda. Wengi wanaobadili ngano kuwa filamu hulazimika kuivuta hadithi fupi hadi itoshe. Atamanov na wenzake walikuwa na kazi ya kupunguza, na kupunguza huhitaji kujua kiini cha jambo kiko wapi.

Yule mzee mdogo mwenye miavuli ni nani?

Ni Ole Lukøje, mleta ndoto. Hayumo katika Malkia wa Theluji. Watunzi wa filamu walimtoa katika ngano nyingine ya Andersen, iliyotoka mwaka 1841, inayohusu kiumbe mdogo anayewajia watoto usiku. Ana miavuli miwili. Ule wenye picha za rangi huufungua juu ya watoto wema, nao huota ndoto nzuri usiku kucha. Mwingine hauna picha hata moja, na mtoto anayefunguliwa huo hulala bila kuota chochote.

Katika filamu yeye ndiye msimulizi. Anajitokeza juu ya meza ya mwandishi, anazungumza na mtazamaji na kukiingiza kisa. Ninaona uamuzi huu ulikuwa wa busara sana. Ngano ya Andersen ina sauti ya msimulizi mwenye mizaha na huruma, na sauti hiyo ingepotea kama filamu ingekuwa matukio matupu. Ole Lukøje anairudisha. Aliyemchorea miondoko yake ni Fyodor Khitruk, ambaye mwaka 1962 alianza kuongoza filamu zake mwenyewe na kuwa mmoja wa waongozaji wa katuni wanaoheshimiwa zaidi Urusi. Mtazame anavyopanda na kushuka kati ya vitu vya mezani. Kila hatua ina uzito wa mtu mnene mwenye furaha.

Filamu imebadilisha nini katika ngano?

Mambo matatu ni makubwa.

La kwanza ni kioo. Kwa Andersen, kioo kilitengenezwa na shetani na hakimhusu Malkia. Kilikuwa na tabia ya kuonyesha kila kizuri kuwa kibaya na kila kibaya kuwa kibaya zaidi. Wanafunzi wa shetani walipokibeba kwenda nacho mbinguni kiliwaponyoka, kikaanguka duniani na kuvunjika vipande visivyohesabika. Kay anaumia kwa bahati mbaya tu, kama ambavyo mtu yeyote angeweza kuumia. Katika filamu kioo ni cha Malkia, naye anakivunja kwa hasira akimlenga mtoto aliyemtania. Kisa kimekuwa cha moja kwa moja zaidi, na mtoto anayetazama anaelewa mara moja nani kamkosea nani. Lakini hapa kuna kilichopotea. Uovu unaoelea hewani bila kumlenga mtu ni wazo zito, na filamu imeliacha.

La pili ni dini. Ngano imejaa Ukristo. Watoto wanaimba wimbo wa mawaridi na mtoto Yesu. Gerda anapokabiliwa na jeshi la theluji mbele ya kasri anasali Baba Yetu, na pumzi yake katika baridi ile inageuka malaika wenye mikuki na ngao wanaompigania. Mwishoni bibi amekaa juani akisoma Injili. Katika studio ya serikali ya Kisovieti hayo yote hayangeweza kubaki, na hayakubaki. Gerda wa filamu hasali. Anatembea tu dhidi ya upepo, anaanguka, anainuka.

La tatu ni mwisho, nalo huwashangaza walioanza na kitabu. Kwa Andersen, Gerda na Malkia hawakutani kabisa. Gerda anapofika, Malkia amesafiri kwenda nchi za joto kunyunyizia weupe vilele vya volkano za Italia, Etna na Vesuvius, kwa hiyo watoto wanaondoka mwenye nyumba akiwa hayupo. Katika filamu Malkia anarudi na kuwakuta. Mtazamaji anatarajia vita, lakini havitokei. Gerda anasimama mbele ya Kay na kumwambia Malkia aondoke. Malkia anatoweka pamoja na kasri lake bila kupiga kelele na bila kuangamizwa kwa silaha yoyote. Filamu nyingi za watoto humalizia kwa mwovu kuporomoka kutoka juu ya mnara au kuteketea. Hapa baridi inaisha kwa sababu joto limefika.

Gerda anashinda kwa nguvu gani, wakati hana uchawi wowote?

Hili ndilo swali la filamu nzima, na jibu lake limo kwenye kibanda cha mwanamke wa Finland.

Njia ya kufika hapo ina kichekesho kizuri. Mwanamke wa Lapland hana karatasi, kwa hiyo anaandika barua yake juu ya samaki mkavu. Yule wa Finland anaisoma, anaikariri, kisha anamtia samaki chunguni, kwa sababu chakula hakitupwi. Ndipo kulungu anapomwomba ampe Gerda nguvu za kumshinda Malkia. Katika ngano anaomba kinywaji cha kumpa nguvu za wanaume kumi na wawili. Mwanamke yule anamjibu kwamba hawezi kumpa Gerda nguvu kubwa kuliko alizonazo tayari. Huoni jinsi watu na wanyama wanavyomtumikia? Huoni alivyofika mbali hivi duniani akiwa miguu mitupu?

Ukishayasikia maneno hayo, irudie safari yote kichwani. Gerda hakumlazimisha mtu wala kumdanganya. Mto aliupa viatu vyake, yaani kitu cha thamani pekee alichokuwa nacho. Kunguru walimsaidia kwa sababu alizungumza nao kwa adabu. Binti mnyang'anyi, aliyeapa kutomwachilia, aliishia kumfungulia mlango. Kila aliyekutana na Gerda alibaki bora kidogo kuliko alivyokuwa. Watunzi waliondoa sala na malaika, lakini wazo hili walilishika kwa mikono miwili, na kwangu hiyo ndiyo sababu filamu inaishi mpaka leo. Gerda ana haja moja tu moyoni, na haja hiyo ni kwa ajili ya mtu mwingine.

Mbona kila mtu anamzungumzia yule binti mnyang'anyi?

Kwa sababu ndiye mhusika anayebadilika zaidi machoni petu, na mabadiliko yake yamechorwa kwa ustadi usio wa kawaida.

Amekulia kati ya wezi. Ana kisu. Amewafunga wanyama kadhaa, na hujifurahisha kwa kuwatishia. Anapomkamata Gerda anamchukua kama mnyama mwingine wa kuongeza kwenye kundi. Kisha anasikia habari za Kay. Kuna mtu anayevuka dunia kwa ajili ya rafiki, na yeye marafiki wake wote wamefungwa kamba. Filamu haimpi hotuba ya toba. Inatuonyesha uso wake ukipambana na jambo ambalo hajawahi kulihisi, mdomo bado unatoa maneno makali huku mikono inafungua vifungo. Anamwachilia Gerda, anamwachilia kulungu, anawafungulia na wanyama wengine, kisha analia.

Tazama nyusi zake kwenye sehemu hiyo. Mchoraji ana mistari michache tu ya kufanyia kazi, lakini unaona hasira, aibu na upole vikipita kimoja baada ya kingine ndani ya sekunde chache. Sijaona katuni nyingi, za zamani au za sasa, zilizoweza hivyo bila muziki mzito wa kumlazimisha mtazamaji alie.

Ni akina nani walioitengeneza?

Lev Atamanov alizaliwa Moscow mwaka 1905 katika familia ya asili ya Armenia. Alifanya kazi Moscow na pia Yerevan, ambako alikuwa miongoni mwa walioanzisha katuni za Armenia. Kabla ya Malkia wa Theluji alikuwa ameshaongoza filamu mbili za ngano zilizompa jina, Ua Jekundu ya mwaka 1952 na Swala wa Dhahabu ya mwaka 1954, hii ya pili ikiwa na mandhari ya India. Alifariki mwaka 1981.

Sura za wahusika na mandhari zilitoka kwa wasanii wawili, Aleksandr Vinokurov na Leonid Shvartsman. Shvartsman alizaliwa Minsk mwaka 1920, akasomea Leningrad, na mama yake alifariki katika mji huo ulipozingirwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Baadaye, mwaka 1969, ndiye aliyempa umbo Cheburashka, kiumbe mwenye masikio makubwa anayejulikana na kila Mrusi. Aliishi zaidi ya miaka mia moja na kufariki mwaka 2022. Katika Malkia wa Theluji, ulimwengu wa Gerda una mistari ya mviringo na rangi za joto, na paa za nyumba zinaelemeana kama watu wanaoongea. Ulimwengu wa Malkia una mistari iliyonyooka na ncha kali, na nafasi tupu zinazomfanya mtoto aonekane mdogo mno. Hata ukizima sauti utajua uko upande gani.

Muziki ni wa Artemy Ayvazyan, Mwarmenia mwingine, aliyeanzisha bendi ya jazi ya serikali ya Armenia mwaka 1938. Huenda ndiyo sababu muziki wake haulemei kisa.

Kati ya walioandika mswada yumo Nikolai Erdman, na hapa inafaa kutulia kidogo. Erdman alikuwa mwandishi wa tamthilia za dhihaka. Tamthilia yake Mtu wa Kujiua, ya mwaka 1928, ilipigwa marufuku, na mwaka 1933 alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Siberia. Aliporudi hakuandika tena tamthilia kubwa kama zile. Alijipatia riziki kwa kuandika miswada ya filamu, zikiwemo katuni za watoto. Kwa hiyo miongoni mwa walioandika habari za mtoto aliyenyakuliwa na kupelekwa kwenye nchi ya barafu, alikuwemo mtu aliyewahi kupelekwa huko.

Kwa nini Malkia hatembei kama wahusika wengine?

Umeona vizuri. Wengine wanaruka, wanajikunja na kunyooka kama katuni zilivyo. Malkia anasogea kama binadamu wa kweli, taratibu, shingo imenyooka, bila kitendo cha ziada.

Sababu ni mbinu ambayo wasanii wa Soyuzmultfilm waliiita ekleri, kutokana na jina la kifaa kilichotumika. Mwigizaji hurekodiwa kwenye filamu ya kawaida akiwa na mavazi ya mhusika, kisha picha zake humulikwa moja moja, na mchoraji hufuatisha miondoko yake kwenye karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 studio hiyo iliitumia kupita kiasi. Karibu kila mhusika alitembea kama mwigizaji wa jukwaani, na katuni nyingi zikawa nzito na zisizo na uhai. Atamanov mwenyewe aliitumia sana katika Ua Jekundu.

Katika Malkia wa Theluji aliibakiza mahali ilipofaa zaidi. Wanaoishi na kupenda wamechorwa kwa uhuru wa mkono, na aliyeganda moyo ndiye aliyefuatishwa kwenye picha halisi. Uzito uleule uliokuwa kasoro katika filamu nyingine hapa umekuwa tabia ya mhusika. Hata mtoto asiyejua lolote kuhusu mbinu hizi anahisi kwamba huyu mwanamke ametoka mahali pengine.

Kwa kipimo cha fremu 24, yaani picha moja moja, kila sekunde, saa moja na dakika zake chache ni zaidi ya fremu 90,000. Kila kilichosogea humo kilichorwa na mtu, kikanakiliwa juu ya seluloidi, yaani plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, na kupakwa rangi kwa brashi.

Sauti ni za nani?

Gerda ni Yanina Zhejmo, aliyependwa sana na Warusi kwa kumwigiza Cinderella katika filamu ya mwaka 1947 akiwa tayari mtu mzima wa miaka zaidi ya 30. Malkia ni Maria Babanova, nyota wa jukwaa la Moscow, ambaye sauti yake ilisifika kwa kulia kama kengele. Kay ni Anna Komolova, na Ole Lukøje ni Vladimir Gribkov. Sauti ya Babanova peke yake inatosha kukufanya uitafute filamu kwa Kirusi. Hapaazi sauti popote. Anaongea kama mtu ambaye hajawahi kukataliwa jambo.

Je, ni filamu ya propaganda?

Hapana. Ilitengenezwa na studio ya serikali, na nimeshaeleza jinsi dini ilivyoondolewa. Lakini hakuna kauli ya kisiasa ndani yake. Mwanamfalme na binti mfalme, ambao mtu angetegemea wachorwe kama wanyonyaji, ni watoto wakarimu wanaotoa gari lao la dhahabu kumsaidia mgeni maskini.

Mwaka wake nao una maana. Stalin, mtawala wa kimabavu wa Kisovieti, alikufa Machi 1953. Februari 1956 Khrushchev, kiongozi aliyekuja baada yake, alitoa hotuba ya kumshutumu, na kipindi kilichofuata Warusi wenyewe wanakiita kuyeyuka kwa barafu. Filamu inayohusu mioyo iliyoganda na kuyeyushwa kwa machozi ilitoka katikati ya kipindi hicho. Sisemi kwamba ni fumbo la kisiasa, maana Andersen alikuwa ameshaandika yote hayo karne moja kabla. Lakini watu wazima walioketi sinemani na watoto wao walikuwa na ya kwao ya kuwaza.

Miyazaki anahusika vipi?

Hayao Miyazaki aliajiriwa na studio ya Toei mjini Tokyo mwaka 1963 akiwa mchoraji mdogo. Kazi ilimkatisha tamaa, akafikia kujiuliza kama aendelee nayo. Katika maonyesho yaliyoandaliwa na chama cha wafanyakazi aliiona Malkia wa Theluji. Ameeleza mara nyingi kwamba filamu hiyo ndiyo iliyomfanya aamue kubaki, kwa sababu ilimwonyesha kwamba katuni inaweza kubeba hisia kwa uzito uleule wa uigizaji bora wa watu.

Ukizijua filamu zake, tafuta Gerda ndani yao. Utawakuta wasichana wanaotoka nyumbani peke yao kwenda kumtafuta au kumwokoa mtu, wasiotegemea misuli, wanaowageuza wapinzani wao kuwa wasaidizi. Mwaka 2007 Makumbusho ya Ghibli, studio ya Miyazaki, yaliyoko Mitaka iliirudisha Malkia wa Theluji kwenye majumba ya sinema ya Japani.

Ilipokelewaje nje ya nchi yake?

Mwaka uleule ilipotoka ilipata tuzo kwenye tamasha la Venice. Mwaka 1959 kampuni ya Universal iliitoa Marekani kwa Kiingereza, Sandra Dee akiwa sauti ya Gerda na Tommy Kirk akiwa Kay. Waliongeza utangulizi wa waigizaji unaomhusisha mtangazaji Art Linkletter na shamrashamra za Krismasi, wakabadilisha muziki na kutia nyimbo mpya. Kwa miaka mingi Wamarekani waliiona kwenye televisheni nyakati za sikukuu. Baadaye, katika miaka ya 1990, lilitoka toleo jingine la Kiingereza ambamo Kathleen Turner ni Malkia.

Namshauri mtu asianze na lile la 1959. Muziki wa Ayvazyan ulitungwa kwa kufuata hatua za wahusika, na ukiutoa, miondoko inabaki bila pumzi yake.

Ina uhusiano gani na Frozen?

Zote zimetokana na ngano ileile, ila kwa umbali tofauti. Frozen ya Disney, iliyotoka mwaka 2013, imechukua malkia, barafu na moyo unaoganda, kisha ikajenga kisa kipya cha dada wawili ambamo malkia si mwovu. Filamu ya 1957 inafuata njia ya Andersen hatua kwa hatua. Mtoto anayempenda Elsa, malkia wa Frozen, atakuwa na maswali mengi akimwona Malkia huyu, na mazungumzo yenu baada ya hapo yanaweza kuwa matamu kuliko filamu zote mbili.

Inafaa watoto wa umri gani?

Kuanzia miaka sita hivi wengi wataifuata bila shida. Hakuna damu. Vipo vitisho viwili: dirisha linapofunguka ghafla na vipande vya kioo kuingia, na wanyang'anyi wanapovamia gari. Mtoto mwoga akae karibu nawe hapo.

Kwa mtoto wa Mombasa au Dar es Salaam asiyewahi kuona majira ya baridi, mweleze mapema jambo moja. Huko kaskazini baridi huua, na mtu akitembea thelujini miguu mitupu anahatarisha maisha. Bila kulijua hilo, safari ya Gerda bila viatu inaonekana ya kawaida tu, wakati ndiyo kipimo cha upendo wake. Kwa wanaokulia Toronto au Stockholm huhitaji kusema lolote.

Sijui Kirusi. Nitafuataje?

Tafuta nakala ya Kirusi yenye maandishi ya tafsiri chini. Soyuzmultfilm ina chaneli yake rasmi YouTube, kwa hiyo anzia huko kabla ya kwenda kwenye nakala zilizochakaa ambazo rangi zake zimefifia. Rangi ni nusu ya filamu hii, na kwenye nakala mbovu kasri la barafu linakuwa kijivu badala ya buluu na kijani.

Kama watoto hawawezi kusoma maandishi, fanya wanavyofanya wasimulizi wa vibanda vya video Tanzania, Kenya na Uganda. Soma kisa mapema, kisha wasimulie kwa Kiswahili filamu ikiendelea. Usitafsiri kila neno. Ole Lukøje anapotokea, mpe sauti yako. Kwenye kibanda cha mwanamke wa Finland hakikisha umeyasema maneno yake yote. Binti mnyang'anyi anapoanza kuwafungulia wanyama, nyamaza, wao wenyewe wataona.